UZI: Americana ya The Offspring (1998), albamu ya kuchekesha iliyobeba msiba wa mtaa mzima

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nyuzi za hip hop, rumba na Bongo Fleva humu zipo za kutosha, na ni haki yake. Leo naomba tukae na roki kidogo, ile panki ya miaka ya tisini yenye melodi tamu ambayo wenyewe wanaiita pop-panki. Na ndani ya hiyo nataka tuizungumzie albamu moja tu: Americana ya The Offspring, iliyotoka tarehe 17 Novemba 1998.

Naileta kwa sababu naona haijatendewa haki. Wengi wanaijua kwa wimbo mmoja, Pretty Fly (for a White Guy), ule unaoanza na jamaa akihesabu kwa maneno yanayofanana na Kijerumani lakini hayana maana yoyote (wameyachukua kwenye wimbo wa Def Leppard wa 1983), halafu wasichana wanaitikia. Wimbo ule mwanzoni mwa 1999 ulishika namba moja Uingereza na Australia. Redio zikaupiga mpaka ukachosha, watu wakacheka, kisha wakahitimisha kwamba hawa ni wachekeshaji walioshika magitaa. Mimi nasema hivi: kicheko kile ndicho kilichowafanya mamilioni ya watu wakubali kusikia habari ambazo wasingezisikiliza kama zingeletwa kavukavu. Albamu hii inahusu watu wanaoharibikiwa mbele ya macho ya jirani zao.

Kwanza tuwajue wenyewe, maana bila hivyo nyimbo hazieleweki vizuri.

The Offspring wanatoka Garden Grove, Orange County, kusini mwa Los Angeles. Bryan Holland, anayejulikana kama Dexter, na mpiga besi Greg Kriesel walikuwa wanariadha wa mbio za nyika katika shule ya sekondari ya Pacifica. Mwaka 1984 walikwenda kwenye onyesho la bendi ya panki ya Social Distortion, wakashindwa kuingia, wakarudi wameamua kuanzisha bendi yao wakati hakuna aliyejua kupiga chombo. Walianza kwa jina la Manic Subsidal, wakabadili kuwa The Offspring mwaka 1986. Mpiga gitaa Kevin Wasserman, maarufu kama Noodles, alikuwa mfanya usafi wa shule ya msingi. Alikuwa mkubwa kwao kiumri, na hadithi inayosimuliwa siku zote ni kwamba umri huo ulisaidia kwa kuwa yeye sheria ilimruhusu kununua bia. Kwenye ngoma alikuwepo Ron Welty.

Holland mwenyewe alikuwa kinara wa darasa. Akasoma baiolojia Chuo Kikuu cha Southern California, akachukua shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli, akaanza uzamivu, akausimamisha bendi ilipolipuka. Mwaka 2017 alirudi akaumaliza, utafiti wake ukiwa juu ya virusi vya UKIMWI. Namtaja kwa kirefu kwa sababu ukisikiliza mashairi yake unamwona mtu aliyezoea kuchunguza. Anataja gari gani, duka gani, namba gani. Hapigi mahubiri.

Mwaka 1994 walitoa Smash chini ya Epitaph, kampuni ndogo ya kujitegemea ya Brett Gurewitz wa bendi ya panki ya Bad Religion. Smash iliuza zaidi ya nakala milioni 11 duniani, na mpaka leo inatajwa kuwa albamu iliyouza kuliko zote kwa kampuni ya kujitegemea. Baadaye wakahamia Columbia, wakatoa Ixnay on the Hombre mwaka 1997, na mauzo yakashuka sana ukilinganisha. Wengi waliamini zama zao zimekwisha. Kisha ikaja Americana, prodyuza akiwa Dave Jerden, aliyewahi kufanya kazi na Jane's Addiction na Alice in Chains. Ikafika namba 2 kwenye chati ya Billboard, na Marekani peke yake ikathibitishwa kuvuka nakala milioni 5.

Sasa tuangalie pahali penyewe. Mtu wa mbali akisikia Orange County anawaza Disneyland, ambayo iko Anaheim, jirani kabisa na Garden Grove. Anawaza ufukwe, jua na nyumba zenye bustani. Ni kweli vipo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya tisini Vita Baridi viliisha, na viwanda vya ndege na silaha vilivyokuwa vimeajiri familia nyingi sana Kusini mwa California vikaanza kupunguza watu. Desemba 1994 serikali ya kaunti yenyewe ikatangaza kufilisika, baada ya mweka hazina wake, Robert Citron, kucheza na fedha za umma kwenye uwekezaji uliotegemea riba zisipande. Riba zikapanda. Hasara ikazidi dola bilioni 1.5. Wakati ule hapakuwahi kutokea kufilisika kukubwa namna ile kwa serikali ya mtaa nchini Marekani, na kulitokea kwenye kaunti iliyosifika kwa utajiri.

Holland alieleza albamu ilipotoka kwamba Marekani aliyokuwa akiiona mwaka 1998 si ile ya michoro ya Norman Rockwell, yenye familia zimekaa mezani kwa adabu, bali ni ya kipindi cha Jerry Springer, watu wakirushiana viti kwenye televisheni. Na hata jalada la albamu, kazi ya Frank Kozik, msanii wa mabango ya matamasha, limechorwa kwa mtindo wa picha za zamani za furaha: mtoto yuko kwenye bembea. Ukilitazama vizuri unaona furaha hiyo imeingiliwa.

Naingia kwenye nyimbo.

Pretty Fly ni ya nne. Mhusika ni kijana mzungu wa kitongoji anayetaka kuonekana mtoto wa hip hop. Anakwenda dukani kutafuta kanda ya Ice Cube, rapa mkali wa Los Angeles, hakuna, ananunua Vanilla Ice, rapa mzungu aliyekuwa akichekwa na wapenzi wa hip hop. Anajidai barabarani ndani ya Pinto, gari dogo la Ford la miaka ya sabini lililopata sifa mbaya kwa sababu ya tangi la mafuta kushika moto likigongwa nyuma. Kisha anakwenda kuchora tatuu ya 13, wanamchora 31. Hapo ndipo nataka tutulie. Namba 13 Kusini mwa California ni alama ya magenge, inasimamia herufi M, ya kumi na tatu katika alfabeti. Watoto wa Santa Ana na Los Angeles mashariki wamefungwa na kuuawa kwa sababu ya alama hiyo. Huyu kijana anaitaka kama pambo, na hata akiipata imegeuzwa haijui. Kwa hiyo anayechekwa hapa si mtu mweusi wala Mmeksiko. Anayechekwa ni yule anayevaa maisha ya wenzake bila kulipa gharama zake. Huo ni uchambuzi mzito wa rangi na tabaka, umewekwa kwenye wimbo ambao watoto wa miaka kumi waliucheza kwenye sherehe za kuzaliwa.

Halafu wimbo unakwisha, na bila kupumzika inaingia namba tano, The Kids Aren't Alright.

Mpangilio huu ndio ulionifanya niandike uzi. Gitaa la Noodles linaanza peke yake, noti za haraka zinazopanda na kushuka, kwenye ufunguo wa huzuni. Ngoma zinaingia kwa kasi kubwa, sauti za kuitikia zinapanda, na Holland anaanza kusimulia mtaa. Tulipokuwa wadogo kila mtoto wa mtaa huu alikuwa anakwenda kuwa mtu mkubwa. Sasa anawataja mmoja mmoja. Jamie alikuwa na nafasi yake, akaacha shule, ana watoto wawili. Mark bado yuko kwa wazazi, hana kazi, anapiga gitaa na kuvuta bangi. Jay amejiua. Brandon amekufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Wanne, kila mmoja mstari mmoja au miwili tu, na majina ya kawaida kabisa. Kisha anauliza inakuwaje mtaa mmoja mdogo umeze maisha ya watu wengi hivyo.

Holland alisema wazo alilipata aliporudi kuutembelea mtaa alikokulia Garden Grove na kujua yaliyowapata watu aliowafahamu. Jina la wimbo linaujibu wimbo wa The Who wa miaka ya sitini uliosema vijana wako salama. Yeye anasema hawako salama. Na video yake imefuata wazo hilohilo: chumba ni kilekile, kamera inazunguka, watu ndani wanabadilika kadiri miaka inavyopita.

Kinachonishika zaidi ni kwamba hakuna neno hata moja la kuwalaumu. Hasemi Jamie alikuwa mhuni. Hasemi Mark ni mvivu. Anasema walikuwa na nafasi na mambo yakawa hivi. Na wimbo unapigwa kwa kasi ya kurukia, umati unaruka na kuimba kwa furaha majina ya watu walioharibikiwa. Sijui wimbo mwingine wa kipindi kile uliofanya jambo hili vizuri kiasi hiki.

Nyingine nitazipitia haraka. Have You Ever, wimbo wa pili, unaanza na mtu aliyejitenga na dunia kwa kuona waovu ndio wanaofaidi, halafu katikati unabadilika mapigo na kutamani dunia iwe pahali bora. Feelings ni ule wimbo wa mapenzi wa Mbrazili Morris Albert wa miaka ya sabini, wameugeuza kuwa wimbo wa chuki, utani mwepesi, sina mengi ya kusema. Walla Walla unamsindikiza gerezani rafiki aliyezoea kuponyoka. Walla Walla ndiko liliko gereza kongwe la jimbo la Washington, na huo ulikuwa wakati wa sheria za kumfunga maisha mtu akikosa mara ya tatu: Washington ilipitisha yake 1993, California 1994. Wimbo unachekesha, lakini anayeimbiwa anakwenda kukaa ndani miaka. The End of the Line ni wa kumlilia aliyefariki. Wimbo wenyewe wa Americana ni hasira tupu.

Karibuni. Nipingeni, niongezeeni.

#2

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi hawa jamaa niliwajulia kwenye gemu, Crazy Taxi ya Sega. Abiria anapanda, gitaa linalia, unaendesha hovyo. Jina la bendi nilikuja kulijua baadaye sana. Nyimbo za mle zilitoka albamu hii?

#3 Mleta uzi

Hapana mkuu, zile za Crazy Taxi zilitoka Ixnay on the Hombre ya 1997, All I Want ikiwemo, pamoja na nyimbo za Bad Religion. Lakini umegusa jambo. Bad Religion ni walimu wa hawa. Wao walikuwa wanaandika siasa wazi kwa msamiati wa chuo kikuu, na mwimbaji wao Greg Graffin naye ni mtu wa sayansi mwenye shahada ya uzamivu. The Offspring walichukua kasi ile na yale maitikio ya sauti tatu, wakayaweka kwenye hadithi za watu wa mtaani badala ya hoja. Ndiyo maana waliwafikia watu wengi zaidi.

#4

Naomba kupinga kidogo. Panki ilizaliwa kupinga makampuni makubwa. Hawa walitoka Epitaph wakaenda Columbia, iliyo chini ya Sony. Unawezaje kuiimba Marekani ya pesa huku umesaini na pesa? Kwangu kuna bendi za wakati ule zilizokuwa na msimamo kuwazidi mbali. Propagandhi wa Canada walikuwa wanachekesha vilevile, wakaimba waziwazi dhidi ya ubaguzi wa rangi na ufashisti, na hawakuuza jina. Less Talk, More Rock ya 1996 ina ujasiri ambao Americana haina.

#5

Mimi ni mwanamke, nasikiliza roki tangu nikiwa shule hapa Nairobi, enzi za X FM. Nimefurahia uzi, lakini ndugu mleta uzi umeruka wimbo namba saba kama mtu anayekwepa shimo barabarani. She's Got Issues ni jamaa analalamika kwamba mpenzi wake ana majeraha ya zamani, analia, anamwita kwa jina la mpenzi wa zamani, amechoka naye. Msichana hapewi hata mstari mmoja wa kujieleza. Wewe unasema Holland hawalaumu watu. Huyu je? Na Why Don't You Get a Job? unaanza kwa kumtukana mwanamke asiyefanya kazi. Uchekeshaji wa kijamii ukishafika kwa wanawake unakuwa kelele zilezile za vijana wa kiume. Tuseme ukweli wote.

#6 Mleta uzi

Dada, hoja yako ni ya maana na naijibu sehemu mbili.

She's Got Issues nakubaliana nawe moja kwa moja, ni wimbo dhaifu kuliko wote humu. Katika albamu inayowahurumia Jamie na Brandon, huyu msichana amebaki tatizo la mtu mwingine. Kama Holland angemwazia namna alivyowawazia watu wa namba tano, angeandika ubeti wa yule msichana akieleza yaliyompata. Hakuandika, na wimbo unakaa pale ukipunguza uzito wa namba tano.

Why Don't You Get a Job? nautetea. Ubeti wa kwanza kweli ni mwanamume anayefanya kazi mpaka mikono inaota sugu huku mpenzi wake amekaa. Lakini baadaye wimbo unageuka: sasa ni mwanamke ndiye anayechapa kazi, na mwanamume ndiye mnyonyaji, na matusi yanabadili upande. Kusudi lake ni lile deni la mapenzi ambalo mmoja analipa kila siku, na kwa vile unaimbwa kwa melodi ya kurukaruka iliyowakumbusha watu wengi Ob-La-Di, Ob-La-Da ya Beatles, kila mtu anaimba akimfikiria mtu fulani anayemjua. Redio nyingi zilikata tusi la kwanza.

Na kuhusu wanawake kuna jambo moja la kuweka kwenye mizani. Julai 1999 walipanda jukwaani Woodstock '99, kule Rome, jimbo la New York. Tamasha lile linakumbukwa kwa joto, maji ya kununua kwa bei ya kukomoa, moto na wanawake kudhalilishwa katikati ya umati. Holland alisimamisha mambo akawaambia wanaume wazi kwamba msichana kubebwa juu ya mikono ya umati hakumpi mtu ruhusa ya kumpapasa. Lilikuwa tamasha la wasanii wengi na watu zaidi ya laki mbili, na waliosema hivyo kwenye kipaza sauti walikuwa wachache. Hilo halifuti wimbo namba saba. Lakini ni la mtu yuleyule, miezi michache baadaye.

#7 Mleta uzi

Mkuu #4, Propagandhi nawaheshimu sana, na ukinibana nitakubali kwamba kwa msimamo wa kisiasa wanawazidi. Ila tuulize nani aliwasikia. Less Talk, More Rock iliwafikia watu ambao tayari walikuwa wanaelekea huko. Americana ilimfikia kijana aliyenunua sidii ili acheke Pretty Fly, akakuta Jay na Brandon kwenye wimbo unaofuata. Mimi kazi hiyo naiona kubwa.

Na kuhusu kampuni: mwaka 2000, wakati Metallica wanaishitaki Napster, huduma ya intaneti ya watu kugawiana muziki bure, The Offspring walisimama upande wa pili. Walitengeneza hata fulana zenye nembo ya Napster. Albamu yao iliyofuata, Conspiracy of One, walitaka kuitoa bure kwenye intaneti kabla haijaingia madukani, kampuni ikawakatalia. Mtu aliyejiuza hagombani na mnunuzi wake kwa jambo linalogusa mauzo.

#8

Wakuu, mimi naishi Anaheim, nafanya kazi Garden Grove. Naongezea kwa macho.

Garden Grove ni tambarare, nyumba za ghorofa sifuri zilizojengwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kila moja na kijibustani mbele na gereji. Barabara kuu ya 22 inapita katikati. Maduka ya safu moja yenye maegesho mbele kila kona. Usiku unasikia fataki za Disneyland zikipasuka, sisi tulioko hapa hatugeuzi hata shingo. Upande wa Westminster na Garden Grove ndipo palipo Little Saigon, Wavietinamu walianza kuja baada ya 1975, na vibao vya maduka mtaa kwa mtaa ni vya Kivietinamu. Mwezi Mei kuna tamasha la stroberi, kumbukumbu ya mashamba yaliyokuwepo kabla ya nyumba.

Nasema haya kwa sababu watu wakisikia wimbo namba tano wanafikiria uswahilini, vibanda na umaskini wa kuonekana. Hapana. Mtaa anaouimba una nyasi zilizokatwa. Ukipita kwa gari hutajua kama ndani ya nyumba ile kuna Mark wa miaka arobaini anayelala kwenye chumba alicholala akiwa na miaka kumi na miwili. Na wapo, ninawafahamu wanaofanana naye. Bei za nyumba zimepanda mno, mtu mwenye kazi halali anashindwa kuhama kwa wazazi. Mwaka 1998 Mark aliimbwa kama mtu aliyeshindwa. Leo Mark ana kazi mbili na bado yuko kwa mama yake.

Na Brandon sasa wamekuwa wengi. Siku hizi ni fentanili, dawa ya kulevya kali mno.

#9

#8 umeniumiza. Umeandika ubeti ambao wimbo haukuwa nao.

#10

Sijawahi kusikiliza panki maishani mwangu. Mimi mtu wa taarabu na zouk. Nimesoma uzi wote. Naanzia wapi? Na niambieni ukweli, kelele zake zinavumilika?

#11

Kelele zipo mkuu, ila zina melodi. Hii si metali. Sauti ya Holland ni ya juu, nyembamba kidogo, inakaa juu ya magitaa, kwa hiyo maneno unayasikia. Mtu wa taarabu anayezoea kusikiliza nani kapigwa kijembe ataelewa Pretty Fly mara moja.

#12 Mleta uzi

Mkuu #10, usianze na namba moja, ile Welcome ni sauti ya kukaribisha tu. Anza na namba 4 na 5 mfululizo, na usiweke nyimbo kuchanganyika zenyewe, kwa sababu hapo mpangilio ndio kila kitu. Maneno ya namba 5 yasome huku unasikiliza. Kisha nenda 11, Why Don't You Get a Job?, uone hasira inavyoimbwa kwa furaha. Kisha 8, Walla Walla. Baada ya hapo rudi namba 2 uichukue yote kwa utaratibu wake. Namba 7 ukiifikia, soma kwanza alichoandika dada #5.

Namba 13, Pay the Man, inazidi dakika 8, inakwenda polepole yenye harufu ya muziki wa mashariki, kisha inalipuka mwishoni. Waliirekodi kipindi cha albamu iliyotangulia na haifanani na nyingine yoyote humu. Kwa masikio yaliyolelewa na taarabu nahisi hiyo ndiyo itakayokukaa. Ukimaliza rudi hapa utuambie, hasa hiyo ya mwisho, maana wapenzi wengi wa bendi wanairuka na mimi sikubaliani nao.